Reti, hatimiliki na rekodi za shamba: mwongozo kamili kwa mkazi wa Mombasa mwenye ardhi Kilifi au Kwale

Mkazi wa Mombasa mwenye shamba Kaloleni, Mariakani au Msambweni mara nyingi ana karatasi moja tu mkononi, nayo ni hatimiliki. Ameitia sandukuni na anaamini mambo yamekwisha. Kumbe ardhi hiyo hiyo imeandikwa mahali patatu, na madaftari hayo matatu hayasomani. Daftari la msajili wa ardhi linasema ni ya nani. Daftari la upimaji linasema iko wapi na mipaka yake imepita wapi. Daftari la kaunti linasema ni nani anayedaiwa. Hatimiliki inaweza kuwa na jina la mjukuu, daftari la kaunti likawa bado na jina la babu aliyefariki, na ramani ikaonyesha mpaka uliopita katikati ya kisima cha jirani. Hakuna afisa atakayekupigia simu kukuambia hivyo. Utajua siku ya kuuza, siku ya kukopa benki, au siku ya mazishi, na hizo ndizo siku mbaya kabisa za kuanza kutafuta karatasi.

Kazi ya mwenye ardhi ni moja: kuhakikisha madaftari yote matatu yanasema neno moja juu ya shamba lake. Mwongozo huu unafuata njia hiyo.

Kwanza, tenganisha malipo

Watu husema "kodi ya ardhi" wakimaanisha vitu vinne au vitano tofauti, kisha hushangaa kwamba risiti waliyo nayo haikubaliwi.

Reti, yaani kodi ya kila mwaka juu ya ardhi, ni ya kaunti. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, imezipa kaunti mamlaka ya kutoza reti za mali. Ardhi iliyoko Kilifi hulipiwa Kilifi na iliyoko Kwale hulipiwa Kwale, hata kama mwenyewe anaishi Majengo au Bamburi. Ukivuka daraja la Mtwapa umeshatoka kaunti ya Mombasa. Kuna watu wamelipa kaunti isiyo yao kwa kutojua hilo.

Pango la ardhi ni la serikali ya kitaifa. Hulipwa na wenye ardhi ya kukodi kutoka kwa serikali peke yao, yaani wale ambao hati yao inataja muda, kwa mfano miaka 99. Ukiwa na umiliki wa daima, ule usio na mwisho, hulipi pango hili. Mashamba mengi ya familia yaliyopimwa Kilifi na Kwale ni ya umiliki wa daima, ilhali viwanja vingi vya Mombasa mjini ni vya kukodi. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kudaiwa reti na pango kwa kiwanja cha Tudor, na reti peke yake kwa shamba la Rabai.

Sesi ni ushuru wa mazao. Lori la nazi au la maembe likisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani na kulipishwa, hiyo haikupunguzii hata shilingi moja ya reti.

Kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha huenda KRA. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote unayokusanya, ikiwa mapato yako ya nyumba za kuishi kwa mwaka ni kati ya shilingi 288,000 na milioni 15. Hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ushuru wa stempu na kodi ya faida ya mauzo huja wakati wa kuhamisha ardhi tu, tutazifikia.

Nunua faili nne za rangi tofauti, na kila risiti iende kwenye faili yake. Hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalookoa watu wengi kuliko hatua nyingine yoyote humu.

Kusoma namba ya ardhi yako

Namba ya ardhi inaeleza mfumo uliosajiliwa, na mfumo ndio unaokuambia uende ofisi gani.

Shamba lililopitia upimaji wa vijiji huwa na namba ya sehemu tatu: wilaya, eneo, na namba ya kipande. Kwa mfano Kilifi/Jimba/ au Kwale/Ukunda/ ikifuatiwa na tarakimu. Rekodi zake ziko kwenye ofisi ya usajili ya Kilifi au Kwale.

Ukanda wa pwani una historia yake. Tangu 1908 kulikuwa na sheria maalumu ya hati za ardhi kwa ukanda wa maili 10, na hati zake zilisajiliwa Mombasa kwa namba zinazoanza na CR. Hapo ndipo utakuta MN, yaani Bara Kaskazini, na MS, yaani Bara Kusini, pamoja na namba ya Kirumi ya sehemu. I/MN ni upande wa Nyali na Kisauni. VI/MN ni Changamwe. III/MN ni Mtwapa na Kikambala. Mtego uko hapo kwenye III/MN: hati ilifunguliwa Mombasa, lakini ardhi iko kaunti ya Kilifi. Sachi, yaani upekuzi wa rekodi, itafanywa palipo na faili, reti italipwa Kilifi.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 iliunganisha mifumo hii, na namba za zamani zinaendelea kubadilishwa kuwa mpya. Namba yako ikibadilishwa, usitupe ya zamani. Kaunti inaweza kuendelea kutumia ya zamani kwenye daftari la reti kwa muda mrefu, na bila kuijua utaambiwa ardhi yako haipo.

Angalia pia ukubwa. Hatimiliki huandika hekta, wauzaji husema ekari au futi. Ekari 1 ni hekta 0.4047, hekta 1 ni ekari 2.47. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni hekta 0.0465 hivi. Madalali hukiita "robo ya nusu", yaani moja ya nane ya ekari, lakini moja ya nane kamili ni hekta 0.0506. Tofauti hiyo ni kama chumba kimoja kikubwa na choo chake. Nunua kwa hekta zilizoandikwa, usinunue kwa jina.

Hatua ya kwanza: sachi

Upekuzi rasmi, ambao kila mtu huuita sachi, ndio mlango wa daftari la msajili. Unahitaji nakala ya hatimiliki au angalau namba ya ardhi, kitambulisho, na PIN ya KRA. Malipo hufanywa kupitia eCitizen. Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni, ulizinduliwa Nairobi Aprili 2021 na unasogezwa kaunti baada ya kaunti. Uliza kwanza kama faili yako imeshaingizwa humo. Ikiwa bado, utaomba kwa fomu ofisini, na jibu litakuja likiwa na sahihi na mhuri wa msajili.

Soma jibu la sachi mstari kwa mstari. Jina: je, herufi ni zile zile za kwenye kitambulisho? "Mohamed" na "Mohammed" ni watu wawili mbele ya msajili, na kurekebisha kunahitaji kiapo mbele ya wakili. Aina ya umiliki: daima au wa muda. Ukubwa. Kisha sehemu ya mizigo, ambayo wengi huiruka: rehani ya benki, zuio lililowekwa na mtu anayedai haki, amri ya mahakama, au deni la mfuko wa makazi kwa walio kwenye skimu za makazi, yaani ardhi iliyogawiwa watu na serikali kwa mkopo.

Kama unanunua, fanya sachi mara mbili: kabla ya kutia sahihi mkataba, na tena siku chache kabla ya kulipa salio. Sachi ni picha ya siku ile tu. Zuio linaweza kuingia kesho yake.

Sachi ya kawaida haionyeshi ardhi ilitoka wapi. Kwa hilo omba nakala iliyothibitishwa ya kadi ya kijani, ile kadi ya usajili inayoorodhesha kila mwenye ardhi tangu wa kwanza. Ukiona ardhi imepita mikono mitatu ndani ya miezi michache, au mwenye kwanza alikuwa shule, zahanati au serikali, simama hapo. Kifungu cha 26 cha sheria ya 2012 kinasema hati inaweza kufutwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa ufisadi. Mnunuzi asiye na hatia naye hupoteza.

Hatua ya pili: upimaji

Mashamba ya vijijini yamesajiliwa kwa mipaka ya jumla. Ramani ya usajili inaonyesha umbo la kipande na majirani wake, na ukubwa kwenye hati ni wa makadirio. Mpaka wenyewe ni ule ulio ardhini: ua, mkonge, njia, mstari wa mikorosho. Hati nyingi za zamani za Mombasa na ukanda wa bahari zina mipaka thabiti: kuna ramani ya hati yenye vipimo, na bikoni, yaani alama ya mpimaji iliyozikwa ardhini, kila kona.

Nunua nakala ya ramani ya usajili kwenye ofisi ya upimaji ya kaunti, kisha peleka mpimaji mwenye leseni shambani. Akuonyeshe kila kona, nawe upande kitu kisichong'oka kirahisi karibu na kila bikoni. Waalike majirani wa pande zote siku hiyo. Jirani aliyesimama pale na kukubali ni shahidi. Jirani aliyesikia kwamba ulileta mpimaji kisirisiri ni kesi.

Mkizozana juu ya mpaka, usikimbilie mahakamani. Kifungu cha 18 cha sheria hiyo ya 2012 kinataka msajili wa ardhi asikilize kwanza na kuamua mpaka, na mahakama humrudisha aliyeruka hatua hiyo. Unaandika barua kwa msajili, unalipa ada, naye huja na mpimaji wa serikali baada ya kuwapa majirani notisi.

Jambo moja la kwetu ambalo ramani haitakuonyesha: pwani, miti inaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Minazi huwekwa rehani, hurithiwa na huuzwa peke yake. Kabla ya kununua shamba Kilifi au Kwale, uliza mbele ya wazee wa kijiji na majirani minazi na mikorosho ni ya nani, na mkataba utaje wazi kwamba miti imo ndani ya bei. Ukikosa kufanya hivyo utakuwa na hatimiliki safi, na mtu anayekuja kuangua nazi kila miezi mitatu.

Hatua ya tatu: reti za kaunti

Reti huhesabiwa kwa njia mbili kuu. Mjini, kaunti huwa na orodha ya uthamini: kila kiwanja kimepewa thamani ya ardhi tupu, na reti ni asilimia fulani ya thamani hiyo. Tuseme thamani kwenye orodha ni shilingi 1,200,000 na kaunti imeweka asilimia 1. Reti ya mwaka ni 12,000. Kwa kawaida nyumba uliyojenga haiongezi reti chini ya mtindo huu. Kinachohesabiwa ni ardhi.

Vijijini, ambako orodha ya uthamini mara nyingi haijafika, kaunti hutoza kwa eneo: kiasi fulani kwa kila ekari au hekta, au kiwango kimoja kwa kila kipande cha ukubwa fulani, huku kilimo, makazi na biashara vikiwa na viwango tofauti. Viwango hivyo viko kwenye sheria ya fedha ya kaunti ya mwaka husika. Itafute, fungua jedwali la ardhi, tafuta mstari wa kilimo na ukubwa wako. Usikubali kiasi kilichotajwa kwa mdomo dirishani bila kuona mstari huo.

Nenda ofisi ya mapato ya kaunti ndogo ukiwa na nakala ya hatimiliki, sachi ya karibuni na kitambulisho. Omba taarifa ya akaunti inayoonyesha kila mwaka peke yake: reti, riba, malipo. Jumla peke yake haikusaidii, kwa sababu makosa hujificha ndani ya miaka. Yanayotokea zaidi ni haya: malipo ya zamani yaliyolipwa kwa halmashauri kabla ya 2013 hayakuhamishiwa kwenye mfumo wa kaunti, shamba limeandikwa kama kiwanja cha biashara, hekta zimesomwa kama ekari, au kinyume chake, na kipande kilichogawanywa bado kinatozwa chini ya namba mama, huku vipande vipya navyo vikitozwa.

Kila kosa lina dawa yake, na dawa ni karatasi. Risiti ya zamani hufuta malipo yaliyopotea. Hati na sachi hurekebisha ukubwa. Kwa matumizi yasiyo sahihi, omba afisa aje aone shamba. Andika barua, usiseme kwa mdomo, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Barua fupi kama hii yatosha:

*Kwa Idara ya Mapato, Kaunti ya ……. Kuhusu: marekebisho ya akaunti ya reti, ardhi namba ……. Ardhi hii ilisajiliwa kwa jina langu tarehe ……. Rekodi yenu ina jina la ……, na ukubwa wa ……, ambao si ule ulio kwenye hati. Naomba jina, ukubwa na matumizi virekebishwe, na nipewe taarifa ya akaunti inayoonyesha kila mwaka, reti, riba na malipo, tangu mwaka ……. Nimeambatisha nakala ya hatimiliki, sachi ya tarehe ……, kitambulisho, na risiti namba …….*

Lipa kwa njia rasmi ya kaunti tu, benki au simu, na namba ya akaunti iwe namba ya ardhi yako kama ilivyo kwenye mfumo wao. Usimpe mtu pesa taslimu akulipie. Baada ya siku chache rudi uhakikishe malipo yameingia kwenye akaunti yako; ujumbe wa M-Pesa unaonyesha pesa zimetoka kwako, hauonyeshi zimeandikwa kwa nani.

Ukichelewa, riba huongezeka kila mwezi. Kwa mfano tu, riba ikiwa asilimia 2 kwa mwezi juu ya 12,000, miezi 36 itazaa 8,640 kwa deni la mwaka mmoja, na miaka inayofuata inaleta riba zake. Ndiyo maana mtu aliyenyamaza miaka 15 hukuta riba imepita deni. Mara kwa mara kaunti hutangaza msamaha wa riba kwa watakaolipa deni lenyewe kabla ya tarehe fulani. Msamaha ukitangazwa, huo ndio wakati wa kusafisha akaunti. Nje ya msamaha, omba mpango wa kulipa kwa awamu, kwa maandishi. Reti isiyolipwa ni mzigo juu ya ardhi yenyewe: anayenunua hununua na deni, na kaunti inaweza kwenda mahakamani kulidai.

Kaunti ikitangaza orodha mpya ya uthamini, usisubiri bili. Orodha huwekwa wazi kukaguliwa, na pingamizi lina muda wake. Sheria ya zamani iliweka siku 28, na sasa kuna Sheria ya Kitaifa ya Reti ya 2024, kwa hiyo soma tarehe kwenye tangazo lenyewe. Pingamizi la "ni kubwa mno" halisikilizwi. Linalosikilizwa ni bei za mauzo halisi ya mashamba jirani, barabara isiyofika, maji yanayotuama masika, au ukubwa ulioandikwa vibaya.

Misikiti, makanisa, makaburi, shule na hospitali zimekuwa zikisamehewa reti kwa sehemu inayotumika kwa kazi hiyo. Msikiti wenye maduka mbele haupati msamaha kwa maduka. Msamaha huombwa, haujileti. Ardhi ya wakfu haiuzwi kama shamba la kawaida; ukiona neno hilo popote kwenye kadi, anza na Kamisheni ya Wakfu kabla ya mwingine yeyote.

Ukiuza, ukinunua au ukigawanya

Shamba la kilimo haliuzwi, halikodishwi kwa muda mrefu, haligawanywi wala halitiwi rehani bila idhini ya bodi ya ardhi, ambayo hukaa chini ya naibu kamishna wa kaunti. Maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Muda ukipita bila idhini, mkataba ni batili, na haki ya mnunuzi inabaki kudai pesa zake kama deni. Watu wengi wamelima miaka 10 kwenye shamba "walilonunua" kwa karatasi ya chifu bila bodi. Muuzaji aje na mwenzi wake na watoto wakubwa. Bodi huuliza kama familia inajua, na ni vyema iulize.

Baada ya bodi mambo hufuatana hivi: muuzaji hupata cheti cha kaunti kwamba hadaiwi reti, na kama ni ardhi ya kukodi, cheti cha pango na idhini ya kuhamisha.  Pande zote mbili hutia sahihi fomu ya uhamisho mbele ya wakili, na mwenzi wa muuzaji hutoa ridhaa. Mthamini wa serikali hukadiria thamani, na ushuru wa stempu hulipwa juu yake: asilimia 4 ndani ya manispaa na miji, asilimia 2 vijijini. Kwa thamani ya 1,500,000, hiyo ni 60,000 mjini na 30,000 shambani. Mwisho, karatasi zote huingia kwa msajili.

Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023. Hapa wakulima wana nafuu wasiyoijua: shamba la kilimo la chini ya ekari 50, lililo nje ya manispaa na maeneo yaliyotangazwa kuwa mji, limesamehewa kwa mtu binafsi. Msamaha nao hudaiwa kwa kujaza fomu kwenye iTax.

Hati mpya ikitoka, wengi huona safari imefika. Daftari la kaunti bado lina jina la muuzaji. Peleka nakala kaunti wiki hiyo hiyo.

Kugawanya shamba kuwa viwanja kunahitaji mpangaji na mpimaji wenye leseni, kibali cha mipango cha kaunti, idhini ya bodi, na fomu ya mgawanyo ambayo wapimaji huiita mutesheni. Ekari moja ina futi za mraba 43,560; ukitoa barabara, viwanja vya 50 kwa 100 hupatikana 7 au 8, havifiki 9. Anayekuuzia cha tisa anakuuzia barabara. Hakikisha pia deni la reti la namba mama limelipwa kabla ya kulipia kipande chako, la sivyo hati za vipande vyote zitakwama kwa deni ambalo si lako.

Mwenyewe akifariki

Reti haisimami kwa kifo. Endeleeni kulipa kwa jina la marehemu na mtunze risiti. Kulipa hakukupi umiliki, lakini kunazuia riba isile urithi.

Kuhamisha kunapitia mahakama. Kwa Waislamu, mahakama ya Kadhi huamua warithi na mafungu yao. Barua ya chifu inahitajika kuanzisha kesi, ila yenyewe haihamishi ardhi. Usimamizi ukishatolewa na mahakama na kuthibitishwa, msimamizi hupeleka nakala kwa msajili, na urithi hautozwi ushuru wa stempu. Zungumzeni mapema mnachotaka: kila mtu kipande chake, au shamba moja lenye majina yote. Vipande vidogo mno bodi inaweza kuvikataa, na shamba la ekari 2 kwa warithi 9 halilimiki tena.

Nyumba bila ardhi

Hii ni hali ya Mombasa hasa. Nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine, nawe unamlipa kodi ya kiwanja kila mwezi au kila mwaka. Reti ni za mwenye kiwanja. Wewe shika mambo matatu: mkataba ulioandikwa unaotaja namba ya ardhi; risiti zote; na sachi ya kiwanja kila baada ya mwaka mmoja au miwili, kuona kama jina kwenye daftari ni la yule unayemlipa. Kiwanja kikiuzwa au kikiwa na zuio la benki, sachi itakuambia kabla ya tingatinga.

Wako wanaoshauriwa wadai ardhi kwa kuwa wamekaa zaidi ya miaka 12. Madai hayo yapo kisheria, lakini yanataka ukaaji wa wazi bila ruhusa ya mwenyewe. Risiti za kodi ya kiwanja zinathibitisha ulikaa kwa ruhusa yake.

Ardhi isiyo na hati bado

Eneo likitangazwa la upimaji na uamuzi wa haki, uwepo shambani siku ya kupima mipaka. Rejista ikikamilika huwekwa wazi, na una siku 60 za kupinga. Uamuzi wa pingamizi nao hukatiwa rufaa kwa waziri ndani ya siku 60. Anayekaa Mombasa ndiye hukosa siku hizi, kwa hiyo awe na mtu wa kumpasha habari kijijini. Kwenye skimu za makazi, tunza barua ya ugavi na kila risiti ya mkopo. Hati haitoki huru mpaka deni la mfuko limalizwe na mzigo ufutwe kwa msajili. Kwa ranchi za jumuiya za Kinango na Ganze, ardhi iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Jumuiya ya 2016: hakuna mtu mmoja mwenye uwezo wa kukuuzia kipande.

Hati ikipotea

Ripoti polisi upate karatasi yao, kula kiapo mbele ya wakili, fanya sachi mpya, kisha omba kwa msajili hati nyingine. Tangazo hutolewa kwenye gazeti rasmi la serikali na watu hupewa siku 60 za kupinga. Ikiwa kilichopotea ni faili ya ofisini yenyewe, msajili huijenga upya kutokana na nakala zilizopo, na mara nyingi nakala zilizopo ni zile ulizo nazo wewe. Kwa hiyo piga picha kila ukurasa wa hatimiliki, kadi ya kijani, ramani, idhini ya bodi na risiti za reti, ziweke kwenye barua pepe yako, na nakala nyingine akae nayo mtu mmoja wa familia asiyeishi nyumba moja nawe.